Noti Mia na Hamsini

Baba alihesabu maisha kwa noti,
si zile za benki; hizo zilimpitia mbali.
Noti mia na themanini na tano, alisema,
ndipo gurudumu linaacha kudaiana na lami
na jeti, iliyokuwa chuma tu, mzigo wa tani,
inakumbuka kwamba ina mbawa.
Mimi, darasa la pili, Pasua,
nilidhani kuruka kuna nauli ghali.

"Huku kwetu," akagonga meza, chai ikaruka,
"huku miguuni pa mlima hewa imechujwa.
Pwani ni uji; huku ni maji ya kunawa.
Sindano ya rubani itasoma vilevile,
lakini ardhi, mwanangu, ardhi inakimbia zaidi.
Saa nane mchana, jua la Januari limeshika Sanya,
unaila njia yote, unaziona nyasi za mwisho,
ndipo unanyanyuka."
Mama akafuta chai. Hakuuliza.

Kazi yake haikuwa kuruka.
Kazi yake ilikuwa kukunja
mwavuli wa mkiani, ule unaofumuka
ndege ikigusa chini kwa noti mia na hamsini,
ukaidaka kama mtu anayemshika nduguye shati
asiingie kwenye ugomvi.
Mkunjo juu ya mkunjo, kamba kulia, kamba kushoto,
na poda ya watoto kidogo (siri ya karakana)
nailoni isishikane kwa joto.
Anafunga, anasaini: A. Mmari.
Sahihi yake ilipaa kila wiki.
Mwenyewe, hata mara moja.

Kuna siku ambayo hakuisimulia akiwa amekaa.
Luteni Ngalapa alirudi na mafuta ya kulamba,
akagusa lami kwa mia na sabini,
kasi ya mtu aliyeanika nguo na mvua inakuja.
Akavuta mpini.
Mwavuli ukatoka kama leso mfukoni,
ukaburuzwa. Haukujaa.
Mita elfu. Mita mia tano. Breki zikanuka.
Kisha uzio, kisha alizeti za watu,
kisha kimya, na vumbi likitafuta pa kukaa.

Luteni alitoka mzima, kofia mkononi, magoti yakicheza.
"Nilikuja mbio mno," akasema.
Tume ikaandika hivyohivyo: kasi ya kutua ilizidi.
Faili likafungwa.
Baba akabaki wazi.

Miaka arobaini alikunja kila kitu:
mashuka, magunia ya kahawa, kanga za Mama,
hata turubai la msiba wa jirani, usiku,
wenzake wakisubiri lori.
Anakunja, anakunjua, anachungulia pale kati
kama fundi saa aliyepungukiwa skrubu.
Kila Krismasi kadi ilikuja kutoka Songea,
*Mzee Mmari, bado nipo. Ngalapa.*
Ziko kabatini, zimepangwa kwa mwaka.
Hakujibu hata moja. Kisha zikakoma.

Jana, KCMC, wodi ya juu.
Daktari alikwisha kunivuta pembeni.
Dirishani kindege kilikuwa kinapanda kutoka uwanja wa Moshi,
kikipiga kelele kama cherehani.
"Ngapi?" akauliza, macho kayafumba.
"Hamsini na tano, Baba. Cha watalii."
"Hicho ni baiskeli," akasema, akacheka,
kikohozi kikamchukua, kikamrudisha.

Halafu mkono ukatafuta pindo la shuka.
"Shika kule."
Nikashika kule. Tukakunja,
yeye amelala, mimi nimesimama,
nesi kasimama mlangoni na sindano yake, akingoja.
Tulipofika katikati vidole vyake vikagoma.
"Hapa," akasema. "Hapa ndipo nilibana."

Sikujua mtu hujibu nini.
Nikalegeza kidogo, upana wa kidole.
"Eeh. Hivyo.
Hewa ipate pa kuingilia."